Honda CG125 ya marehemu mzee imelala miaka mitatu: inawaka, ikipanda kilima inakata. Ni mafuta au ni moto?

#1 Mzawa wa Kiomboi

Wakuu, habari za jioni.

Nina Honda CG125 ya marehemu baba. Alikuwa bwana mifugo, na ndiyo iliyomzungusha vijiji vya Iramba, Singida, tangu mimi nikiwa darasa la pili, kasha la chanjo ya kuku limefungwa nyuma kwa mpira. Alipofariki ilisukumwa bandani, ikafunikwa turubai, ikakaa humo miaka mitatu na miezi. Hakuna aliyekumbuka kumwaga mafuta. Tenki lilikuwa nusu na koki ilikuwa wazi.

Nimerudi likizo nimeamua kuiamsha. Mafuta ya zamani nimemwaga, yametoka kama chai ya rangi na yananuka vanishi. Nimeweka lita tatu mpya, oili mpya, plagi mpya D8EA. Kiki ya saba ikawaka. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, hakusema kitu.

Sasa shida. Bila choki haishiki sailensa (kunguruma taratibu bila kuvuta mafuta), ukirudisha choki tu inazima. Tambarare inakwenda vizuri, ila ikifika dakika kumi hivi, hasa kwenye kilima cha kuja nyumbani, inakohoa, nguvu inakwisha, inakata. Nikikaa kando ya barabara robo saa inawaka tena kama haikuwa na kitu.

Fundi wa kwanza kasema CDI, kile kisanduku cha umeme wa plagi, imekufa. Wa pili kasema nitupe kabureta ninunue mpya. Sitaki kubadilisha vitu kwa kubahatisha, nataka ibaki ile ile ya mzee. Mwenye uzoefu naomba aniongoze.

#2 Dereva wa Usiku

Pole kwa kuondokewa na mzee, mkuu. Nakaa siti ya mbele nasubiri mafundi. Na mimi ninayo moja ina mwaka mzima uani.

#3 Fundi Koki

Mzawa, umeeleza vizuri kuliko wateja wangu wengi, kwa hiyo nami nitaeleza kwa urefu.

Petroli si kitu kimoja, ni mchanganyiko. Ikikaa, zile sehemu nyepesi zinazowaka haraka zinapaa zenyewe, zinabaki nzito. Hizo nzito zikikutana na hewa kwa muda mrefu zinageuka ulimbo. Harufu ya vanishi uliyoisikia ndiyo huo. Kwenye tenki utaona ukungu wa kahawia tu, lakini kwenye bakuli la kabureta mafuta ni kidogo sana, yanakauka yote na ulimbo unabaki pale pale zilipo jeti, vile vipande vya shaba vyenye tundu la kupitisha mafuta.

Kabureta yako ina jeti mbili. Kubwa tundu lake ni kama milimita moja, ndogo halifiki nusu milimita. Ndogo ndiyo inayolisha injini ikiwa kwenye sailensa na unapoanza kuvuta mafuta. Choki kazi yake ni kupunguza hewa ili mchanganyiko uwe mzito. Kama injini inataka choki hata ikiwa ya moto, ujue inakosa mafuta kwenye njia ndogo. Hapo sihitaji kuiona, jeti ndogo imeziba.

Funga koki, shusha kabureta, fungua skrubu za bakuli. Toa jeti zote mbili kwa bisibisi inayokaa sawasawa, shaba ile ni laini, ukiichubua mdomo umejitafutia kazi nyingine. Loweka, piga upepo wa kompresa kutoka pande zote mbili, kisha inua jeti kwenye mwanga wa jua. Uone tundu la duara, siyo mwezi mchanga. USIINGIZE sindano wala waya wa breki. Unyuzi mmoja wa waya mwembamba wa umeme unatosha, tena kwa upole. Skrubu ya mchanganyiko kabla hujaitoa, ifunge kwanza huku ukihesabu imezunguka mara ngapi, uandike, ili ukirudisha uirudishe palepale.

#4 Kipara wa Gerezani

Fundi Koki unampa mtu kazi ya siku mbili. Njoo Gerezani hapa Dar au mtume mtu, kabureta ya PZ27 zimejaa, zinafunga kwenye CG bila maneno. Injini nyingi za Kichina tunazoendesha mitaani zimetokana na CG hiyo hiyo, ndiyo maana vipuri vinaingiliana. Dakika ishirini umemaliza, unakwenda zako.

#5 Fundi Koki

Kipara, zinafunga kweli, sikatai. Lakini PZ27 nyingi zinakuja na jeti za injini kubwa zaidi. Utawaka, utakwenda, halafu plagi inakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni na mafuta yanakwenda. Nimefungua nyingi. Kabureta ya Kijapani ya zamani ikisafishwa ni afadhali kuliko mpya ya boksi. Na mwenzetu amesema wazi anataka ibaki ya mzee.

#6 Kipara wa Gerezani

Sawa, jeti zinabadilishwa, hilo hukulisema. Lakini nakubali kwamba ya asili asiitupe. Aiweke kwenye kopo.

#7 Bint Pangani

Mimi ni mtu wa mashine za boti, siyo pikipiki, ila ugonjwa ni mmoja. Huku kwetu kusi likivuma kwa nguvu boti ndogo zinapandishwa mchangani wiki nyingi. Mashine zetu zinatumia petroli iliyochanganywa na oili, kwa hiyo inayobaki kabureta ikikauka ni kama asali ya mwisho wa mtungi. Mume wangu ana desturi moja haachi: kabla ya kupandisha boti anachomoa mpira wa mafuta, anaiacha mashine inguruma mpaka ijizime yenyewe kwa njaa. Mashine yake haijawahi kumgomea msimu ukifunguka.

Lakini Mzawa, mimi maneno yako ya dakika kumi ndiyo yamenishika. Jeti iliyoziba haisubiri dakika kumi. Angalia MFUNIKO wa tenki. Una tundu dogo la kuingiza hewa. Vyombo vikikaa, nyigu wa udongo wanapenda matundu hayo kupita maelezo, na vumbi la banda nalo lipo. Tundu likiziba, mafuta yanashuka mpaka hewa ya tenki inakuwa nyembamba, kisha hayashuki tena. Ukikaa robo saa, hewa inajipenyeza kidogo kidogo, inawaka. Siku ikikata, usiguse kitu kingine, fungua mfuniko hapo hapo utege sikio. Ukisikia fyuuu, umepata mchawi.

#8 Dereva wa Usiku

Dada yangu hapo umenena. Ila swali: yeye kaweka lita tatu tu. Tenki lina hewa tele. Hewa yote hiyo itakwisha kwa dakika kumi?

#9 Mwalimu wa Fizikia

Swali zuri, tulipige hesabu badala ya kubishana.

Tuchukue tenki la lita 12. Mafuta lita 3, hewa lita 9. Injini ya 125 ikila lita mbili na nusu kwa kilomita 100, dakika kumi kwa mwendo wa 40 ni kama kilomita saba, yaani mafuta yasiyofika robo lita, tuseme mililita 170. Kama mfuniko umeziba kabisa, ile hewa ya lita 9 inatanuka kwa karibu asilimia 2, na mgandamizo unapungua kwa kiasi hicho hicho. Asilimia 2 inaonekana si kitu. Lakini ukiigeuza kuwa kimo cha petroli ni zaidi ya sentimita 20! Na mafuta yanashukaje kwenye kabureta? Kwa uzito wake tu, kutoka kimo ambacho tenki likiwa karibu tupu ni sentimita kama hizo hizo. Kwa hiyo Bint Pangani yuko ndani ya uwezekano kabisa.

Upande wa pili, tenki liko juu ya injini ya moto na chini ya jua la Singida. Petroli ikipata joto inatoa mvuke, na mvuke unajazia pengo. Hilo linaweza kufuta hesabu yangu yote. Jaribio la kufungua mfuniko ndilo litakalosema.

#10 Mkulima wa Kyela

Naongeza langu. Wengi wetu huku mpakani tumewahi kujaza mafuta upande wa Malawi. Wenzetu wale wanachanganya petroli na spiriti ya miwa tangu mwaka 1982. Pikipiki inakwenda vizuri tu, lakini usiiache imelala. Spiriti inavuta unyevu wa hewani, na ikishiba maji inajitenga na petroli, inazama chini ya tenki. Chini ndiko koki inakonyonya. Yangu ilikaa masika nzima, nilipofungua bakuli la kabureta lilikuwa na unga mweupe kama chumvi, na pini ya boya imeganda.

Mzawa, yale mafuta ya zamani ulimwaga kwenye chombo cha wazi? Uliona tabaka mbili?

#11 Kipara wa Gerezani

Mkulima, Kiomboi na Malawi wapi na wapi? Mafuta ya Singida yanapanda kutoka bandarini huku kwetu Dar. Habari ya spiriti haimhusu.

#12 Mkulima wa Kyela

Spiriti haimhusu, maji yanamhusu. Tenki nusu, miaka mitatu, usiku wa Iramba baridi na mchana jua. Kila alfajiri ukuta wa ndani wa tenki, ile sehemu isiyo na mafuta, unatoa jasho. Jasho linatelemka chini. Hesabu asubuhi ngapi ziko kwenye miaka mitatu.

#13 Mswahili wa Likoni

Salaam kutoka Mombasa. Hapo juu mnasema koki, huku makanika wetu wanasema tepu, nikadhani Fundi Koki ni mtu wa mabomba ya maji!

Nina kisa. Piki ya mjomba ilikaa miezi minane, ikawa inavuta kama mzee anayepanda ngazi. Tukafua kabureta mara tatu. Mara ya nne kijana wa jirani akafungua sanduku la chujio la hewa akatoa kiota cha panya, vitambaa, maganda ya njugu na watoto wanne wa panya wakiwa hai. Injini ilikuwa inavutia hewa kupitia kwenye godoro. Piki ikikaa bandani kwenye mahindi, fungua huko kwanza kabla hujamlaumu mtu.

#14 Fundi Koki

Likoni, jina nilipewa na wateja, maji sijui. Lakini kiota cha panya kingefanya mchanganyiko uwe mzito, asingehitaji choki, angeikataa. Hata hivyo afungue, haigharimu kitu.

#15 Mzee wa Vavu

Mnapiga mafuta tu, sijaona aliyegusa injini. Inakata ikiwa ya moto na chini ya mzigo, inawaka ikipoa. Hiyo ni dalili ya vavu zilizokaza, ile milango ya injini ya kuingiza mchanganyiko na kutoa moshi. Vavu ya ekzosi ikipata joto inarefuka. Kama nafasi yake ni ndogo mno haifungi sawasawa, mgandamizo unapotea, injini inalegea. Ikipoa inafunga, unawaka. Siku ikikata, piga kiki taratibu kwa mguu wako ule ule, usikie uzito. Kama kiki ni nyepesi kuliko asubuhi, achana na kabureta.

#16 Njiwa Manga

Au cheni ya taimingi, ile ya kuendesha vavu, imelegea kwa kukaa. Ya kwangu ilifanya hivyo hivyo.

#17 Mzee wa Vavu

Njiwa, CG haina cheni ya taimingi. Toka ilipotoka mwaka 1976 inatumia fimbo za kusukuma vavu. Honda waliitengeneza hivyo kwa makusudi, kwa nchi ambazo mtu anapakia mkaa na hamuoni fundi mwaka mzima. Ya kwako lazima ni injini nyingine.

#18 Njiwa Manga

Shukrani mzee, ni kweli, yangu siyo CG.

#19 Mzawa wa Kiomboi

MREJESHO wa kwanza.

Nimeshusha kabureta jana, nimeiweka kwenye sinia la mama. Jeti ndogo ilikuwa imeziba kabisa, nimeinua kwenye jua sikuona hata nukta. Chini ya bakuli kulikuwa na unga wa kahawia kama majani ya chai. Nimeloweka usiku kucha, asubuhi nikapeleka kwa mziba pancha akanipigia upepo. Mwezi mchanga, kisha nusu mwezi, kisha duara. Sasa inashika sailensa bila choki! Fundi Koki, Mungu akuzidishie.

Sanduku la hewa nimefungua, hakuna panya, kuna punje za mahindi kumi na moja.

Lakini kwenye kilima imekata tena. Nimefungua mfuniko haraka kama Bint Pangani alivyosema. Nilisikia sauti ndogo, ila injini ilikuwa inalia tik tik kwa joto na ng'ombe walikuwa wanapita, siwezi kuapa. Unga wa kahawia nimeuweka kwenye gazeti nikapitisha sumaku ya redio mbovu chini yake. Unatembea wote.

#20 Fundi Koki

Unga unaofuata sumaku ni kutu. Basi tenki lako lina kutu na Mkulima alikuwa na haki kuhusu jasho. Umesafisha kabureta halafu umeirudishia uchafu ule ule kutoka juu.

Fanya jaribio la mtiririko. Chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa ya kioo, fungua koki, hesabu. Mafuta yashuke kwa mkondo, siyo matone, na yaendelee hivyo hivyo dakika mbili tatu. Yakianza vizuri kisha yakanywea, kutu inakusanyika kwenye chujio la koki lililo ndani ya tenki. Fanya jaribio mfuniko ukiwa umefungwa, rudia ukiwa wazi. Fanyia nje, injini iwe baridi, jiko la mama liwe mbali, na asiwepo mtu anayevuta sigara.

#21 Dereva wa Usiku

Kutu ya tenki dawa yake nini? Huku kijiweni wanasema maji ya betri.

#22 Bint Pangani

Usithubutu! Maji ya betri yanakula kutu kisha yanakula na tenki. Bati likishakuwa jembamba utavuja kwenye mapaja yako huku injini ya moto iko chini.

Sisi shaba za boti na masinia tunasafisha kwa ukwaju na ndimu. Bibi zetu hawakuhitaji duka. Ukwaju mwingi, maji ya moto, acha ulale usiku mmoja au miwili.

#23 Mwalimu wa Fizikia

Ukwaju una asidi yake, ndimu ina yake, siki nayo, na zote zinayeyusha kutu polepole. Tatizo watu wanamwaga na kuacha hapo. Bati lililosafishwa na asidi liko uchi, linashika kutu upya ndani ya saa moja mbele ya macho yako. Baada ya asidi suuza na maji ya magadi ili kuua ukali uliobaki, suuza na maji safi, kausha juani tenki limeinamishwa, kisha mara moja tia petroli kidogo yenye oili, utikise ipake kila kona. Na ukwaju uchujwe kwa kitambaa mara mbili, maana nyuzi zake zikibaki ndani utakuwa umetibu kutu kwa kuleta nyasi.

#24 Kipara wa Gerezani

Kabla ya asidi, kokoto. Kilo moja ya kokoto safi au nati za zamani, maji ya sabuni, ziba, funga tenki kwenye blanketi, tikisa mpaka mikono ikufe. Mimi kijana wangu tulimfungia tenki kwenye gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa, akawa anazungusha. Koki itolewe kwanza, hilo msisahau, chujio lake ni laini.

#25 Mkulima wa Kyela

Nati hesabu unapoingiza na unapotoa. Mimi ilibaki moja. Inalia mpaka leo kwenye kona.

#26 Dereva wa Usiku

Na kama tenki limetoboka, jamani msipeleke kuchomelea kwa sababu tu "limekauka". Kijiwe chetu kuna mwenzetu ana kovu la uso mzima. Tenki lilikuwa na wiki mbili bila mafuta, mvuke ulikuwa bado umo. Naandika hili nikiwa nalikumbuka.

#27 Mswahili wa Likoni

Pole yake sana. Huku wanajaza maji mpaka shingoni kabla ya kuchomelea, wanaacha sehemu ndogo tu ya kazi.

#28 Kipara wa Gerezani

Bado mimi nasimama na fundi wa kwanza wa Mzawa, ingawa siyo CDI. KOILI, kile kinachokuza umeme wa plagi. Waya zake za ndani zikipata joto zinaachana, zikipoa zinakutana. Dakika kumi ni saa yake kabisa. Kulala bandani na unyevu kumeimaliza. Mkuu, siku ikikata toa plagi hapo hapo uitazame. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika na moto hakuna. Ikiwa kavu na nyeupe, mafuta hayafiki. Hapo mtajua nani mshindi.

#29 Fundi Koki

Hilo la plagi naliunga mkono. Ila ukitaka kuona cheche, plagi iguse chuma mbali na tundu lake na mbali na kabureta, na mpira wa mafuta uwe umefungwa. Watu wameunguza pikipiki wakitafuta cheche.

#30 Mzawa wa Kiomboi

MREJESHO wa pili, na samahani kwa ukimya wa wiki.

Mtiririko: mfuniko ukiwa umefungwa ulianza vizuri, baada ya dakika mbili ukawa matone. Mfuniko wazi uliendelea, lakini nao ulinywea kabla ya dakika nne. Nimetoa koki, chujio lilikuwa limevaa kutu kama soksi. Tundu la mfuniko nimelipuliza likatoa kipande cha udongo mgumu. Siwezi kusema ni nyigu au ni tope la barabara, lakini udongo ulikuwepo.

Tenki nimelipiga kokoto siku moja, ukwaju siku mbili, magadi, jua. Ndani sasa panaonekana rangi ya bati isipokuwa kona moja ya nyuma nisiyoifikia. Nimeongeza chujio la plastiki kwenye mpira.

Matokeo: asubuhi inapanda kilima mpaka juu. Mara tatu mfululizo. Saa nane mchana na jua lile, nikiwa na mdogo wangu nyuma, ilikohoa pale pale. Haikukata, ila ilikohoa. Plagi nilipoitoa ilikuwa kavu, nyeupe kiasi upande mmoja. Na Mzee wa Vavu, nimepiga kiki taratibu kama ulivyosema: mchana ni nyepesi kuliko asubuhi. Siyo sana. Lakini ni nyepesi.

Kuna jambo nataka kuwaambia. Juzi niliipeleka mpaka kijiji cha pili kuijaribu. Nilipozima mbele ya duka, bibi mmoja akatoka uani kwake na kuku ameshika miguu, anakuja mbio ndogo ndogo. Aliposogea akaona ni mimi akasimama. Alikuwa amesikia mlio akadhani bwana mifugo amepita. Hakujua kwamba mzee alifariki. Tulikaa naye mpaka jua likapungua.

#31 Bint Pangani

Mzawa, umenitoa machozi. Mlio wa chombo watu wanaujua kuliko sura. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Na udongo kwenye mfuniko nimeuona. Mimi nimemaliza.

#32 Kipara wa Gerezani

Mungu ampumzishe mzee wetu.

Plagi kavu, nakubali mafuta yalikuwa hayafiki. Lakini kukohoa kwa mchana peke yake, tenki likiwa safi, bado ni koili. Azima koili ya pikipiki yoyote ya Kichina yenye injini ya CG, funga siku moja tu, panda kilima saa nane. Ukirudi nayo bila kukohoa, rudisha ya watu ukatafute yako.

#33 Fundi Koki

Kipara hachoki. Mzawa, upande mmoja wa plagi mweupe unanipeleka kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini. Miaka mitatu bandani, mpira umekauka na kupasuka. Unavuta hewa ya wizi, na ufa unapanuka joto likiongezeka. Injini ikiwa kwenye sailensa, nyunyiza maji kidogo kidogo kuzunguka mpira huo. Mlio ukibadilika, umepata ufa. Angalia na oringi yake.

#34 Mzee wa Vavu

Kiki nyepesi mchana, mmeisoma wote mkaipita. Mpira uliopasuka haufanyi kiki kuwa nyepesi, koili haifanyi kiki kuwa nyepesi, na nyigu ndio kabisa.

Mzawa, kesho alfajiri kabla hujaiwasha, injini ikiwa baridi kabisa, fungua vile vifuniko vya vavu juu. Zungusha injini mpaka alama ya T ikutane na mstari na vavu zote mbili ziwe zimelegea. Ingiza kipimo cha bati, nafasi ni ndogo sana, kama karatasi nyembamba. Kama kwenye vavu ya ekzosi hakiingii kabisa, usiiwashe, niandikie hapa kwanza.

#35 Mzawa wa Kiomboi

Kipimo cha bati sina. Mzee alikuwa na kisanduku cha spana chini ya kitanda, mama amesema hajakifungua tangu msiba. Nitamwomba leo usiku.